Halua, na Jinsi Ipikwavyo Nyumbani

Katika nyumba nyingi za pwani, mgeni akifika siku ya Idi au siku ya harusi, huketishwa mkekani, kisha huletewa sahani ya halua. Halua hiyo ina rangi ya hudhurungi iliyokoza, yang'aa kwa samli, na ukiigusa kwa kidole yatetemeka kidogo. Mgeni humega kipande kwa ncha za vidole, hukila, halafu hupokea kikombe kidogo cha kahawa chungu iliyomiminwa kutoka katika dele la shaba. Utamu wa halua na uchungu wa kahawa huenda pamoja, hata mtu aliyezoea akila halua pasipo kahawa huona amepungukiwa na kitu.

Wengi wenu mmepata kuila halua, na ninyi mkaao mbali na pwani huenda mliletewa kipande na mtu aliyerudi kutoka Unguja, Pemba, Tanga au Mombasa. Lakini ni wachache walioiona ikipikwa, kwa maana watu wengi huinunua kwa mafundi wanaoipika katika masufuria makubwa. Katika habari hii nitaeleza jinsi ipikwavyo nyumbani, na tena nitaeleza sababu ya kila tendo. Mtu aliyeambiwa "fanya hivi" tu, asiambiwe kwa nini, siku sufuria ikimharibikia hajui la kutenda. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa namna hiyo, na nitawasimulia yaliyonipata.

Neno halua limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kitu kitamu. Kwa hiyo mataifa mengi hulitumia kwa vitu visivyofanana. Katika Bara Hindi iko halua ya karoti na halua ya chenga za ngano. Katika Uturuki na nchi nyingi za Waarabu iko halua ya ufuta, ambayo ni kavu na huvunjika-vunjika mkononi. Waturuki wana tena kitu kingine kiitwacho lokum, ambacho hupikwa kwa wanga na sukari, kikakatwa vipande vya mraba na kunyunyiziwa sukari ya unga. Hicho ndicho ndugu wa karibu wa halua yetu, ila hakina samli.

Halua ya pwani asili yake ni Oman. Kwa karne nyingi majahazi ya Waarabu yalikuja kwetu kwa upepo wa kaskazi, uanzao kuvuma mwezi wa Desemba, yakaleta tende na samaki wakavu, kisha yakarudi kwao kwa upepo wa kusi. Mwaka 1698 Waarabu wa Oman waliwatoa Wareno katika ngome ya Mombasa. Katika karne ya 19 Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, aliifanya Unguja kuwa makao yake, na watu wengi wa kwao wakaja kukaa pamoja naye. Watu wahamapo hawaachi mapishi yao nyuma. Huko Oman halua hupikwa kwa wanga wa ngano katika masufuria ya shaba, na mafundi wa kale hupenda moto wa kuni za mgunga. Tena hutiwa maji ya waridi yatokayo katika milima ya Jabal Akhdar. Ilipofika kwetu ilibadilika kidogo. Badala ya wanga wa ngano watu wakatumia wanga wa muhogo au wa mahindi, na mahali pa lozi, ambazo ni ghali, mara nyingi hutiwa korosho.

Sasa tutazame vitu vyenyewe. Halua ina vitu vinne vikubwa: wanga, sukari, maji na samli. Iliki, zafarani, kungumanga na lozi ni mapambo yake. Ni mapambo mazuri sana, wala sisemi yaachwe. Lakini halua isiyo na zafarani bado ni halua, na halua isiyo na wanga ni sukari iliyoyeyuka tu.

Wanga ni nini? Ni chakula ambacho mmea hujiwekea akiba katika mizizi yake au katika mbegu zake. Ukitaka kuuona, chukua muhogo mtamu, uumenye, uuoshe, kisha uukwangue juu ya bati safi lililotobolewa matundu kwa msumari. Tia machicha hayo katika maji mengi, uyakande kwa mikono, kisha uyachuje kwa kitambaa safi. Maji yatakayopita yatakuwa meupe kama maziwa. Yaache yatulie kwa muda wa saa chache bila kuyatikisa. Utaona maji yamekuwa maangavu, na chini ya chombo pameketi kitu cheupe, kigumu kidogo, chenye kuteleza. Huo ndio wanga. Mwaga maji polepole, tia maji mengine safi, uvuruge, uache utulie tena. Fanya hivyo mara mbili au tatu, kisha uanike juani mpaka ukauke kabisa. Kilo 5 za muhogo mbichi hutoa kilo 1 ya wanga mkavu, au pungufu. Chagueni muhogo mtamu, msitumie ule mchungu, kwa maana muhogo mchungu una sumu nyingi. Na hata ule mtamu uoshwe vema kama nilivyosema. Asiyetaka kazi hiyo atapata wanga wa mahindi au wa muhogo dukani, ndani ya boksi au mfuko. Wanga wa muhogo hutoa halua yenye kupenyeza mwanga na kuvutika. Wa mahindi hutoa halua yenye giza kidogo na hukatika upesi zaidi.

Wanga ukiutazama kwa darubini ni chembe ndogo sana. Katika maji baridi chembe hizo hazifanyi neno, huelea kitambo kisha huzama. Lakini maji yakipata moto, kiasi cha digrii 60 au 70, chembe huanza kunywa maji, zikavimba kama maharagwe yaliyolowekwa, mwisho zikapasuka na kushikana. Hapo maji yote yaliyokuwa mepesi huwa mazito. Mmekwisha kuliona jambo hili kila asubuhi, maana ndivyo uji unavyokuwa uji.

Jaribuni jambo hili darasani au nyumbani. Twaeni bilauri mbili na kijiko kimoja cha wanga kwa kila bilauri. Katika ya kwanza vurugeni wanga kwa maji baridi kidogo, kisha mmimine maji ya moto huku mkikoroga. Katika ya pili mimineni kwanza maji ya moto, halafu mtupie wanga mkavu ndani. Bilauri ya kwanza itakuwa na uji laini. Ya pili itajaa madonge, na mkipasua donge moja mtakuta katikati yake wanga mkavu kama ulivyotoka mfukoni. Sababu yake ni hii: chembe za nje zimekunywa maji upesi, zikashikana, zikawa ukuta, na maji hayawezi tena kupita ili kuzifikia chembe za ndani. Donge la namna hiyo hata likipikwa saa nzima halitayeyuka.

Basi, miaka mingi iliyopita nilipokuwa mwalimu kijana upande wa Tanga, nilijua habari za chembe za wanga kutoka vitabuni, na halua nilikuwa nimeila mara nyingi, nikadhani vitu hivyo viwili vyatosha. Ilikuwa siku mbili kabla ya Krismasi. Wanafunzi 12 wa bweni hawakuweza kwenda kwao kwa likizo, kwa sababu makwao ni mbali na nauli hakuna. Nikawaahidi kwamba siku ya sikukuu watakula halua. Nikanunua kwa mshahara wangu sukari kilo 3, samli, lozi, na zafarani kidogo iliyofungwa katika karatasi. Fedha hizo zilikuwa nyingi kwangu, na mke wangu hakukosa kunikumbusha.

Nikaanza baada ya chakula cha mchana, na wavulana wakaketi nje ya jiko wakinusa. Mambo yalikwenda vema. Sukari iliyeyuka, wanga uliingia bila donge hata moja, na uji ukaanza kuwa mzito. Hapo mgeni akabisha hodi mbele ya nyumba, mzee mwenye shauri la mtoto wake. Nikauona uji umetulia, nikaweka mwiko, nikaenda kumpokea. Sidhani nilikaa naye zaidi ya dakika tano.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja wa Kipemba, ambaye katika ujana wake alikuwa akipika halua za harusi. Alisikia harufu kutoka uani kwake. Niliporudi jikoni nilimkuta amekwisha kuingia na kuiepua sufuria motoni.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba. Mwalimu, ulipotoka ulimwachia nani mwiko?"

"Sikumwachia mtu, Bibi."

"Basi."

Nikashika mwiko nikwangue chini, nipate kuchanganya. Akanikamata mkono. "Usiguse chini! Iliyoungua iache hapo hapo ilipo. Ukiikwangua waipeleka juu." Akamimina sehemu ya juu katika sufuria nyingine, polepole, akaacha chini gamba jeusi. Kisha akaionja kwa ncha ya kijiko, akatikisa kichwa. Moshi ulikuwa umekwisha kuingia. Nikamwuliza kama zafarani na iliki zitaweza kuificha ladha hiyo. Akasema tutapoteza na zafarani pia.

Wavulana hawakusema neno, walitazama tu. Tukaimwaga yote.

Kesho yake bibi yule alikuja mwenyewe. Nilikuwa na fedha za kununulia sukari kilo moja tu, na samli tukapata ya kukopa, basi tukapika kidogo, na kipimo hicho kidogo ndicho nitakachowapa hapa. Tangu siku ile nimekipika mara nyingi. Chafaa kwa nyumba, kwa sababu sufuria ndogo haichoshi mikono sana kama zile za mafundi, ambazo hukorogwa saa mbili au tatu na watu wanaopokezana.

Tayarisheni wanga kikombe 1, sukari vikombe 3, maji vikombe 5, samli robo tatu ya kikombe, lozi au korosho nusu kikombe, iliki iliyotwangwa kijiko 1 cha chai, na kungumanga iliyoparuzwa kidogo tu, kiasi cha kuchukua kwa ncha ya kisu. Zafarani nyuzi chache zatosha. Kitu hiki ni ghali kwa haki yake, kwa kuwa kila uzi umechumwa kwa mkono katikati ya ua, na gramu 1 huhitaji maua kama 150. Zilowekeni nyuzi hizo katika vijiko viwili vya maji ya moto, au maji ya waridi mkiwa nayo, zitoe rangi yake. Iliki si lazima itoke mbali; hulimwa katika milima ya Usambara. Kama mwataka halua nyeusi-nyeusi, unguzeni vijiko viwili vya sukari katika sufuria kavu mpaka iwe rangi ya kahawa, kisha mtie maji kidogo kwa uangalifu, maana itaruka na kutoa mvuke. Maji hayo ndiyo rangi yenu.

Sufuria iwe nene chini. Sufuria nyembamba hupokea moto mahali pamoja tu, na hapo ndipo halua huanza kuungua. Mwiko uwe wa mti na wenye mpini mrefu, tena bapa lake lilingane na chini ya sufuria, lisiwe la mviringo kama upawa. Kabla hamjawasha moto, kila kitu kiwe kimepimwa na kuwekwa karibu: lozi zimemenywa, iliki imetwangwa, sinia imepakwa samli. Kuanzia hapo hamtapata mkono wa kuvitafuta.

Kwanza vurugeni wanga katika vikombe 2 vya maji baridi, mchuje kwa kitambaa, muweke kando. Tieni sukari na vikombe 3 vya maji katika sufuria, mteleke, mkoroge mpaka chembe zote za sukari ziyeyuke, kisha muache ichemke kwa dakika chache. Kamueni humo matone machache ya ndimu. Ndimu si kwa ajili ya ladha. Sukari iliyochemshwa hupenda kurudi kuwa chembe ikipoa, na halua iliyorudi chembe husaga meno kama mchanga. Asidi ya ndimu huivunja sukari kidogo hata isiweze kujipanga tena.

Sasa ukorogeni tena ule wanga, kwa sababu umekwisha kutuama chini, na muumimine katika sufuria kama uzi mwembamba, huku mkono mwingine ukikoroga pasipo kukoma. Kama mko wawili, mmoja amimine na mwingine akoroge. Moto uwe mdogo. Kwa kitambo maji yatabaki meupe na mepesi, na mpishi mgeni hudhani amekosea, akaongeza wanga. Asiongeze. Sukari nayo yapenda maji, nayo imekwisha kuyashika, kwa hiyo chembe za wanga hukawia kuyapata, na huhitaji moto mwingi zaidi kuliko katika uji usio na sukari. Vumilieni. Baada ya muda mtaona mwiko unakuwa mzito mkononi, kisha weupe unapotea kidogo kidogo, na uji unapenyeza mwanga.

Hapa ndipo nilipouacha mwiko siku ile, na ni pabaya kuliko mahali pote. Maji mepesi yakipata moto chini hupanda juu yenyewe, na yaliyo baridi hushuka, ndiyo sababu maji hayaungui. Uji mzito hauwezi kupanda wala kushuka. Ulio chini hukaa chini, hukauka, na sukari yake huanza kuwa nyeusi, ilhali juu pametulia kama dimbwi na hakuna dalili yoyote ya hatari. Mwiko ndio unaoupandisha ule wa chini na kuushusha ule wa juu. Pitisheni mwiko chini kabisa, toka ukingo huu mpaka ule, na mzunguke pembeni, kisha katikati. Mkichoka, mpeni mwiko mtu mwingine mkononi mwake, msiulaze.

Samli isitiwe yote pamoja. Tieni vijiko viwili, mkoroge mpaka viingie, kisha viwili vingine. Samli ikimiminwa yote kwa mara moja huelea juu na halua huteleza chini yake kama mawe mtoni, na kuzichanganya ni taabu. Ikiingia kidogo kidogo hutawanyika ndani, nayo ndiyo inayozuia halua isinate mwikoni, kwenye sinia, na katika meno ya mlaji. Watu huuliza kama mafuta mengine yafaa. Yafaa kwa kupikia, lakini ladha haitakuwa ile. Samli ni siagi iliyochemshwa ikatolewa maji na mashapo ya maziwa, na harufu yake ndiyo nusu ya harufu ya halua.

Toka hapo ni kazi ya kukausha maji. Halua hupiga mapovu makubwa, yanayopasuka kwa sauti nzito. Watoto wadogo wasiwe jikoni wakati huu, na mkorogaji avae nguo yenye mikono mirefu. Maji hayapiti digrii 100 yachemkapo, lakini sukari nzito hupita hapo, tena hunata mwilini wala haidondoki kama maji. Mtu akirukiwa, apeleke mahali pale mara moja chini ya maji safi ya kutiririka, yenye ubaridi wa kawaida, kwa dakika 20. Asipake mafuta, wala asali, wala dawa ya meno. Kidonda kikiwa kikubwa au kikiwa na malengelenge, aende hospitali.

Mtajuaje kama imeiva? Kwa kipimo nilichowapa huchukua kiasi cha saa moja, pengine zaidi, lakini saa si shahidi mzuri, kwa maana moto wa kila jiko ni mwingine. Bibi yule hakuwa na saa. Alinionyesha dalili tatu. Ya kwanza, halua huachana na sufuria, ikawa donge moja linalofuata mwiko. Ya pili, samli iliyokuwa imefichwa ndani huanza kutoka tena, ikang'aa pembeni kama umande. Ya tatu ni ya maji: dondosheni kipande kidogo katika bakuli la maji baridi, kisha mkikande kwa vidole. Kikiwa bado uji, endeleeni. Kikishikana kuwa kidonge laini kisichonata, imeiva. Wengine huiepua mapema kwa kuona imekuwa nzito, nayo ikipoa huwa laini kama uji uliolala, tena baada ya siku chache huota ukungu. Wengine nao huizidisha, ikawa ngumu kama mpira.

Ikikaribia dalili hizo, dakika tano kabla ya kuepua, tieni zafarani na maji yake, iliki, kungumanga na lozi. Msizitie mapema, maana harufu yake huruka pamoja na mvuke, mkabaki mmeipulizia paa. Imimineni katika sinia iliyopakwa samli, mlainishe juu kwa mgongo wa kijiko, mkapambe kwa lozi zilizobaki. Samli ikizidi juu, inamisheni sinia muichote, ni nzuri kwa kupikia wali.

Acheni ipoe kabisa kabla ya kuikata, saa nne au usiku mzima. Wakati ule chembe zilizopasuka zinashikana taratibu na kuganda, na mtu akikata mapema hupata kitu kinachovutika kama gundi. Sisi mwaka ule tuliimimina usiku wa kuamkia Krismasi, tukaikata asubuhi baada ya ibada. Kwa sukari ile ndogo kila mvulana alipata vipande viwili, kila kimoja kikubwa kama tende, na bibi yule tulimpelekea sahani yake. Akaibonyeza kwa kidole kwanza, akaitazama jinsi inavyorudi, ndipo akaita wajukuu wake walete kahawa.

Halua iliyopikwa vema hukaa wiki mbili au tatu bila kuharibika, hata katika joto la pwani, ikiwa imefunikwa isiingie wadudu na vumbi. Sukari imeyashika maji yote yaliyobaki, na ukungu ukitua juu yake haupati cha kunywa. Zamani iliwafaa sana wasafiri wa majahazi kwa sababu hiyo. Iwekeni katika chombo kikavu, na mchukue kwa kijiko kikavu. Hufungwa pia katika vikapu vidogo vya ukindu kwa kupelekwa mbali. Ikikaa muda mrefu hukazana na kupoteza mng'ao wake. Itieni katika sufuria pamoja na kijiko cha maji na samli kidogo, muipashe kwa moto mdogo huku mkikoroga, nayo italainika tena. Sufuria iliyogandamana msiikwangue kwa kisu. Ijazeni maji mpaka juu, muiache mpaka asubuhi, na sukari itajitoa yenyewe.